Kumtafutia Buibui Mume

Tarehe 2 Machi

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba mnyama mpya hugunduliwa msituni. Wanamwazia mtu amepiga magoti kwenye matope, mara anapiga kelele, "Nimempata!", na wenzake wanampigia makofi. Sivyo. Msituni unaokota tu. Mnyama mpya hugunduliwa mezani, pengine miaka mingi baadaye, na mtu anayeumwa mgongo kwa kuinamia hadubini. Na anachogundua hasa si kwamba huyu yupo, bali kwamba huyu si yule. Hiyo "si yule" ndiyo kazi yote. Nimeifanya tangu nikiwa na meno yangu yote. Sasa nimestaafu na bado naifanya, kwa sababu waliniachia meza moja kwenye ghala la vielelezo, yaani wanyama waliohifadhiwa kwenye chupa, na mpaka leo hakuna aliyepata ujasiri wa kunifukuza.

Mwaka jana, kwenye kile kilima nyuma ya mji, chini ya majani yaliyooza, niliokota buibui asiyezidi punje ya ufuta. Alikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, macho sita yaliyobanana kama watu kwenye benchi, na juu ya tumbo bamba gumu mfano wa ngao. Jike. Katika maisha yangu sijaona bamba lililochongwa nyuma namna ile.

Ungesema basi, mpe jina tukapumzike. Lakini subiri. Zamani sana mtu mmoja alipita ng'ambo ya bonde, akaokota buibui wa ukoo huu huu, dume, akamchora vizuri, akampa jina, akaenda zake. Jike hakumpata, wala hakuna aliyempata tangu hapo. Sasa huyu jike wangu anaweza kuwa mke wa dume yule, na kama ndivyo, hakuna jipya. Au anaweza kuwa spishi nyingine kabisa. Majike wa ukoo huu wanafanana kupita kiasi, na lile bamba lenyewe hutofautiana kati ya mke na mume, kwa hiyo haliniamulii. Anayeamua ni dume. Kando ya kinywa ana vipapasio viwili, mithili ya vijikono, ambavyo ndivyo anavyompelekea jike mbegu. Kila spishi ina umbo lake la kipapasio, kama kila kufuli na ufunguo wake. Nahitaji dume mmoja aliyepevuka kutoka kilima kile kile. Na madume hupevuka wakati wa mvua kubwa tu, wanaoa, wanakufa.

Naanza kuandika leo kwa kuwa mvua inakaribia, na kwa kuwa juu ya kilima kile wanajenga tangi la maji ya mji. Wataufyeka msitu msimu huu. Hautakuwepo msimu mwingine.

Tarehe 5 Machi

Hakuna mvua. Wingu lilikuja, likatuangalia, likaondoka.

Tarehe 6 Machi

Shemeji alikuja kula. Ni mdogo wake marehemu mume wangu, na ndiye mnyapara wa kikosi kitakachofyeka kilima. Dada yao, wifi yangu, naishi naye hapa. Wajane wawili, jiko moja. Shemeji ni mtu wa mzaha tangu anazaliwa. Nadhani alimtania hata mkunga.

"Shemeji, mtaani nasikia unatafuta mume."

"Si mimi. Ni buibui."

"Ala! Tangu kaka afariki, wangapi wamebisha hodi ukawafungia mlango? Leo unahangaika na ndoa ya buibui! Mahari utapokea wewe?"

Wifi alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Nisikilize," nikasema. "Kile kipande cha juu, penye mawe. Unaweza kukiacha kiwe cha mwisho?"

"Ramani inasema tuanzie juu, tushuke."

"Ramani kachora nani?"

"Mhandisi."

"Naye hupanda huko mara ngapi?"

"Akiletwa na mpiga picha."

Hakuahidi kitu. Alichukua nyama ya mwisho kwenye bakuli na kuniambia nimtafutie buibui mume mrefu, mwenye kazi. Baada ya kuondoka, wifi alisema bila kugeuka kutoka kwenye sinki kavu: "Mimi ujue naomba hilo tangi liishe haraka. Bega langu limekufa kwa ndoo. Buibui wako akitaka huruma, aje apange foleni bombani kama sisi."

Maji anayobeba nami nayanywa.

Tarehe 9 Machi

Hakuna mvua.

Tarehe 12 Machi

Mtunza ghala alikuja mezani kwangu. Huyu nilimfundisha mimi, hata namna ya kushika kibano. Siku hizi ana funguo zote na miwani ghali kuliko yangu. Alisimama kando kama mtu aliyetumwa kuleta habari ya msiba.

"Mwalimu, makabati mapya yanakuja mwisho wa msimu. Tutahitaji nafasi hii."

"Nafasi hii ni mimi."

"Ndiyo, Mwalimu." Hakutabasamu. "Lakini kwa nini usimwandike tu? Wako watu wanaandika kwa jike peke yake, na majarida yanachapisha."

Nikamweleza, ingawa anajua. Jina likishachapishwa halifi. Likiwa la uongo, linabaki kwenye vitabu kama mwiba kwenye nyayo, na mtu mwingine atapoteza miaka kulichomoa. Nusu ya maisha yangu nimefagia majina mabovu ya watu waliokuwa na haraka. Sitaki mtu aje afagie la kwangu.

"Na ukimpata dume," akauliza, "mashine zitasimama?"

"Hazitasimama. Mji mzima una kiu."

"Sasa?"

"Sasa itajulikana kwamba alikuwepo."

Aliniangalia kama muuguzi anavyomwangalia mgonjwa anayekataa dawa. Kijana wa watu amekuwa mgumu kama ganda la korosho, nikawaza. Anasubiri niondoke apange makabati.

Tarehe 15 Machi

Tingatinga limefika. Linasikika mpaka jikoni.

Tarehe 17 Machi

Nilipanda kilimani. Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana watu hudhani tunafukuzana na buibui kwa wavu.

Unakwangua majani ya chini, yale meusi yaliyoanza kuwa udongo, si yale makavu ya juu. Unayatia kwenye chekeche. Unatikisa juu ya shuka jeupe. Kinachoanguka ni vumbi. Halafu unakaa, unatulia, unalitazama vumbi mpaka sehemu yake mojawapo inatembea. Ukiwa na haraka huoni kitu. Ukitulia, vumbi zima linageuka kuwa mji: siafu wadogo, jongoo wachanga, vidudu vinavyoruka kama chumvi kwenye kikaango. Na mara moja moja, chembe ya rangi ya chungwa inayokimbia.

Nimepata majike na watoto. Dume hakuna. Ardhi ni kavu mno.

Chini ya kilima tingatinga lilikuwa likifanya kazi. Nilishangaa kidogo: chini, si juu.

Tarehe 18 Machi

Magoti.

Tarehe 21 Machi

Wifi ameniambia. Shemeji alimweleza mhandisi kwamba mawe ya juu yatavunja meno ya mashine, afadhali waanzie chini wakati wanasubiri meno mengine. Alipokuja jioni sikumshukuru, maana alishaanza: "Bi harusi hajambo? Mwambie mchumba amechelewa, barabara mbovu." Nikamtilia uji, nikamjazia kikombe. Amenielewa, nadhani.

Hakuna mvua.

Tarehe 24 Machi

Hakuna mvua. Redio inasema itakuja. Redio ilisema hivyo na wiki iliyopita, kwa sauti ile ile ya furaha.

Tarehe 27 Machi

Nusu ya kilima imekuwa nyekundu. Ukisimama dirishani ghalani unaona kama mtu aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa. Watumishi wa ghala hawaangalii tena upande huo. Mimi naangalia. Mtunza ghala alipita, akasimama nyuma yangu, akaangalia pia, akaenda zake.

Tarehe 29 Machi

Mvua! Ilianza alfajiri ikapiga mabati mpaka hatukusikiana. Wifi ametoa kila chombo nje, hata bakuli la mboga. Tingatinga limezama kwenye matope hadi tumboni. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Tarehe 31 Machi

Nimempata, na sijampata.

Nilipanda asubuhi wakati matone bado yanadondoka kutoka majanini. Penye mawe, shuka la kwanza halikunipa kitu, na la pili vilevile. La tatu lilikuwa na buibui mmoja, rangi ya chungwa iliyopauka, na mbele ya kinywa vipapasio vimevimba kama glavu za bondia. Moyo uliruka. Kisha nikamweka chini ya lenzi na moyo ukarudi mahali pake.

Buibui hukua kwa kujivua gamba. Kila akijivua anatoka mkubwa zaidi. Huyu ni dume, hapana shaka, lakini bado kijana: amebakiza kujivua mara moja. Ndani ya zile glavu kipapasio kinaundwa, ila hakina umbo linalosomeka mpaka gamba la mwisho livuke. Nikimtia kwenye spiriti leo, nina mfuko uliofungwa ambao siwezi kuufungua. Nikimwacha hai, huenda akajivua na kunionyesha kila kitu. Huenda akafa.

Nimemwacha hai. Nimemweka kwenye kikopo chenye sakafu ya jasi iliyoloweshwa, na jani moja la kwao. Kikopo kiko mezani kwangu ghalani, kivulini.

Tarehe 1 Aprili

Amekula. Kidudu kimoja kinachoruka. Nilikaa nikimtazama kama bibi anayelisha mjukuu.

Tarehe 3 Aprili

Nilipanda tena, mvua ikininyeshea. Hakuna dume mwingine. Niliteleza nikirudi, goti la kulia limevimba kama boga. Wifi alinikanda kwa maji ya moto huku akinisema mpaka nikasinzia.

Tarehe 5 Aprili

Jua limerudi. Jua zuri, la kuanikia nguo. Ardhi inakauka na tingatinga limekwamuliwa. Siwezi hata kushuka ngazi.

Shemeji alikuja, akaniona mguu juu ya kiti, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Kesho kutwa tunaingia penye mawe, shemeji. Nimezungushazungusha maneno mpaka yameisha. Mhandisi anakuja kusimamia mwenyewe."

"Nami siwezi kupanda."

"Nieleze nifanye nini. Nitakuletea hayo majani. Magunia hata mawili."

Nikamweleza: majani meusi ya chini, asiyashindilie, asiyaache juani, gunia afunge mdomo tu. Alirudia maneno yangu moja moja kama mwanafunzi. Nilimfundisha kila kitu nilichokumbuka.

Tarehe 7 Aprili

Amekuja na magunia mawili mgongoni mwa pikipiki, matope hadi nyusini. Yamefungwa vizuri, yana unyevu, hayajaguswa na jua. Hakuna msaidizi niliyewahi kuwa naye aliyefanya vizuri zaidi.

"Penye mawe pamekwisha," alisema. "Leo saa nne. Nisamehe, shemeji."

Nilimshika mkono. Miaka yote nilimwona kama redio isiyozimika. Leo nimeona kwamba mtu huyu hutania ili asiombe chochote.

Nimeyamwaga magunia yote mawili pamoja kwenye turubai uani, kwa sababu goti haliniruhusu kuinama mara mbili. Wifi amekaa upande wa pili na chekeche ya unga. "Nikimwona mkwe nitapiga vigelegele," alisema.

Tarehe 8 Aprili

Wifi alipiga vigelegele.

Dume. Mzima, aliyepevuka, vipapasio vimefunguka, vyeusi vinang'aa. Wifi ndiye aliyemwona, akitembea ukingoni mwa turubai kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Nililia kidogo, wifi akajifanya haoni.

Mtunza ghala alikuja kunichukua kwa gari lake baada ya kupigiwa simu, jambo ambalo sikulitegemea. Ghalani aliniandalia hadubini, akafungua kitabu cha zamani penye mchoro wa yule dume wa ng'ambo ya bonde, akakaa kando yangu.

Nikatazama kipapasio. Nikatazama mchoro. Nikarudi kwenye kipapasio.

Ni yule yule. Mpindo ule, mkia ule uliojikunja kama mkono wa birika. Hakuna tofauti hata ya unywele.

"Basi," mtunza ghala akasema polepole. "Jike wako ni mke wake. Si mpya."

"Ndivyo inavyoonekana."

Iliuma, lakini lilikuwa jibu. Nimekuwa kwenye kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba "si mpya" nayo ni habari. Ningeandika: jike wa spishi fulani, aliyekuwa hajulikani, anaishi pia kilimani. Mtu angeusoma ukurasa huo siku moja. Nilirudi nyumbani karibu nimeridhika.

Tarehe 9 Aprili

Ninaandika haya polepole, kwa kuwa nataka niyaweke sawasawa.

Shemeji alikuja kusikia matokeo. Alikuwa amenyoa na kuvaa shati jeupe.

"Nasikia ndoa imefungwa! Vijana wote kazini nimewaambia: aliyemleta bwana harusi ni mimi!"

"Umefanya kazi kubwa, shemeji. Ulimwokota upande gani wa mawe? Nataka kuandika."

"Upande gani? Aah, mimi nilijaza tu. Gunia la kwanza lilijaa vizuri. La pili likafika nusu, mara mhandisi akapiga filimbi, mashine ikaingia. Nikaona aibu. Nitamletea mwanamke mgonjwa gunia nusu? Ndipo nikapanda pikipiki, nikavuka ng'ambo ya bonde, kule linakopita bomba, kuna kichaka kizuri tu, majani meusi kama uliyosema. Nikalijazia huko."

Alitabasamu, akisubiri nimsifu.

Wifi aliacha kuosha vyombo. Yeye hajasoma kazi yangu, lakini amekaa nami muda wa kutosha kuusoma uso wangu.

Tazama sasa jinsi ilivyo. Dume yule alitoka ama kilimani, ama ng'ambo. Kama alitoka kilimani, jike wangu ni mke wake na mambo yamekwisha. Kama alitoka ng'ambo, basi ni yule wa zamani, kwao kule kule alikochorwa, na jike wangu bado hana mume na huenda ni mpya kama nilivyodhani tangu mwanzo. Majani yote yamelala kwenye turubai moja. Mnyama hana kovu wala lafudhi ya kunieleza alikozaliwa. Katika kazi yetu kielelezo kisicho na mahali ni mzoga tu. Sikumwambia asichanganye majani ya mahali pawili, kwa kuwa kwetu hilo halisemwi, ni kama kuvuta pumzi.

Na mahali penyewe pamekwisha. Siwezi kurudi kuuliza.

"Vipi, shemeji?" akasema. "Nimekosea?"

"Hapana," nikamwambia. "Kunywa chai."

Tarehe 10 Aprili

Amebaki yule kijana kwenye kikopo. Huyo nilimwokota kwa mkono wangu, penye mawe, na hana utata. Akijivua, kipapasio chake kitasema. Kikifanana na mchoro, ni yule. Kisipofanana, si yule. Kilima kizima sasa kinaishi ndani ya kikopo cha dawa ya kikohozi.

Tarehe 12 Aprili

Ameacha kula. Hii ni dalili njema. Kabla ya kujivua huacha kula. Ni dalili ya kufa pia.

Tarehe 13 Aprili

Ameacha kula.

Tarehe 14 Aprili

Mtunza ghala amewaambia mafundi wa makabati wasipige nyundo chumba hiki. Ameleta kiti chake. Anasema ana kazi ya kufanya hapa, lakini karatasi aliyoishika ilikuwa juu chini.

Tarehe 16 Aprili

Ilianza asubuhi, tulipofungua dirisha. Alikuwa amejining'iniza chini ya jani kwa nyuzi chache, miguu juu, hatikisiki. Mtunza ghala alidhani amekufa. Nikamwambia asipumue karibu.

Kwanza gamba la mgongoni lilipasuka ubavuni, likainuka kama mfuniko wa sufuria. Kisha miguu. Fikiria unavua glavu za mpira zilizolowa, mikono minane kwa mpigo, bila mkono wa kusaidia. Anavuta, anapumzika. Anavuta, anapumzika. Ndani alikuwa mpya, mweupe kama wanga uliopikwa. Mguu wa kwanza ukatoka. Wa pili. Nilijikuta navuta naye, misuli ya shingo imekaza.

Miguu yote ilitoka kabla ya saa nne. Vikabaki vipapasio.

Alivuta. Akapumzika. Akavuta.

"Mwalimu," mtunza ghala akanong'ona, "tumsaidie kwa sindano?"

"Ukimgusa unamchana. Sasa hivi hana ngozi, ana utando."

"Tuongeze unyevu?"

"Unyevu upo."

Alivuta, akapumzika kwa muda mrefu zaidi. Mchana mapumziko yakawa marefu kuliko mivuto. Kisha mvuto mmoja mdogo, miguu ikajikunja ndani taratibu, kama mtu anayekusanya nguo zake.

Nilitafuta wa kulaumu. Nilikumbuka maji, kivuli, chakula, jani. Hakuna aliyekosea. Buibui wengi hufa hivi, na hakuna anayewaona.

Nilimtia kwenye spiriti, kisha nikampasua chini ya hadubini. Vipapasio vilikuwa bado ndani ya gamba la zamani, laini, vimejikunja kama karatasi iliyolowa mfukoni. Nilitazama. Nikamwachia kiti mtunza ghala, naye akatazama muda mrefu.

"Hapa kuna ncha," akasema. "Mwalimu, angalia. Yule wa zamani hana ncha."

Nikaangalia. "Ndiyo, kuna kitu."

"Basi ni mpya!"

"Au ni mkunjo. Nyama ambayo haijakauka hujikunja popote."

"Lakini inawezekana ikawa ncha."

"Inawezekana."

"Basi tuandike ncha." Alikuwa amenishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nani atatupinga, Mwalimu? Kilima hakipo. Hakuna atakayekwenda kuleta mwingine atuumbue."

Nami nilikuwa nimemwita ganda la korosho. Alikuwa tayari kudanganya kwa ajili yangu, mtu niliyemfundisha asidanganye.

"Hiyo ndiyo sababu hatuandiki," nikamwambia.

Alirudi kwenye kiti chake akavua ile miwani ghali, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Tarehe 17 Aprili

Mvua siku nzima. Mvua nzuri ya madume. Inanyesha juu ya udongo mtupu.

Tarehe 19 Aprili

Shemeji alikuja bila shati jeupe. Wifi alikuwa amemweleza, ingawa nilimkataza.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeharibu."

"Wewe ulijaza gunia. Mimi ndiye niliyesahau kukuambia usilijaze."

"Ningeleta nusu tu!" Alijipiga paja. "Gunia nusu, shemeji! Nani amewahi kusikia? Maisha yangu yote nimeogopa kuonekana nimeleta pungufu."

"Ungeleta hata kiganja kimoja."

"Na sasa je? Tukirudi, nikupeleke kwa pikipiki, tukatafute pembeni pembeni?"

"Pembeni kumebaki nini?"

Alifikiri. Ni mtu mkweli. "Hakuna kitu," akasema. "Tulisafisha vizuri."

Nilimjazia kikombe. Hatukutaniana. Sikujua kwamba nyumba hii inaweza kuwa kimya hivyo na yeye akiwa ndani.

Tarehe 25 Aprili

Wamemwaga zege.

Tarehe 2 Mei

Nimepanga chupa. Jike mmoja wa kilimani, na wenzake wachache. Kijana aliyekufa akijivua. Dume asiye na mahali. Kwenye kikaratasi cha jike nimeandika kilima, majani ya chini, penye mawe, jina langu, na penye jina la spishi nimeweka alama ya kuuliza. Mtunza ghala alisema meza ibaki. Nilimwambia aweke makabati. Nitakuja kukaa kwenye kiti chake nikichoka nyumbani.

Tarehe 11 Julai

Maji yametoka bombani leo asubuhi. Kwanza bomba lilikohoa, likatema kutu, kisha maji meupe, kisha maji. Wifi alifungua na kufunga, akafungua na kufunga, akaninyunyizia usoni kama mtoto. Bega lake limepona tangu aone tone la kwanza. Nilijaza glasi nikanywa. Ni maji mazuri. Sina neno baya juu yake.

Nimesema mwanzoni kwamba nikimpata dume itajulikana kwamba buibui huyu alikuwepo. Haitajulikana. Huenda alikuwepo mnyama ambaye hakuwepo kwingine kokote duniani, akaishi chini ya majani muda mrefu kuliko mji huu, na huenda hakuwepo, alikuwa tu yule wa ng'ambo amevuka bonde. Sitajua mimi, na hatajua mtu mwingine. Sikumpa jina. Wanaodhani hilo ni jambo dogo huniuliza kwa nini sikuandika tu chochote, na huwa siwajibu tena.

Hivi ndivyo wengi wao wanavyoondoka. Hatupigani nao, hatuwachukii. Tunachelewa tu, kisha tunachanganya magunia. Na vipande vya msitu vilivyobaki viko hivyo hivyo, vidogo, nyuma ya shule, kando ya makaburi, chini ya nguzo za umeme, na kila kimoja kina ramani yake tayari mezani kwa mhandisi fulani.

Wewe unayesoma, kama pana kipande kama hicho karibu nawe, usingoje mvua wala usiningoje mimi. Nenda leo, jaza mfuko mmoja wa majani meusi ya chini kutoka mahali pamoja tu, hata usipojaa, na uandike kwa penseli ni wapi.